UZI: Unataka kusoma saikolojia? Jua kwanza wanagombania nini, ndipo uulize ajira

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, humu ndani maswali ni yaleyale: "Saikolojia inalipa?", "Ukimaliza unaitwa daktari?", "Eti mkisoma hiyo mnajua mtu anawaza nini?" Hilo la mwisho halihitaji uzi. Hapana. Ukikutana na anayedai anakusoma mawazo kwa kukukazia macho, hakikisha simu yako bado iko mfukoni.

Hayo mawili mengine yanahitaji maelezo, na wale wa "fupisha mkuu" leo mtanivumilia. Nimeisoma fani hii chuoni, na kazi yangu ya sasa ni rasilimali watu hapa Dar, kwa hiyo naijua kwa upande wa darasani na kwa upande wa mezani, pale vyeti vya vijana vinapopangwa.

Shikeni jambo moja kabla sijaendelea. Chuoni utapewa orodha ya mikabala: uchambuzi nafsi, saikolojia ya tabia, saikolojia ya utambuzi, ya utu, ya kibayolojia. Utaikariri, utafaulu, na hutaelewa kwa nini hawa wazee walikuwa hawasalimiani. Walichogombania ni kimoja tu: mambo yaliyo ndani ya mtu hayaonekani, sasa tukubali kitu gani kuwa ushahidi wake? Kila kundi lilikuja na jibu lake, na kila jibu likazaa ajira za aina yake. Ukiisoma hivyo, ile orodha inakaa kichwani bila kukaririwa.

#2 Mleta uzi

Tuanzie Leipzig, Ujerumani, 1879. Mwaka huo ndio vitabu vinautaja kuwa mwanzo, kwa sababu Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia pale chuoni. Wanafalsafa walikuwa wameijadili nafsi kwa karne nyingi. Wundt alileta saa. Chombo chenyewe kiliitwa kronoskopu, na kiliweza kupima hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde. Mtu anakaa mezani, kidole kiko kwenye swichi, mpira unadondoshwa, akisikia kishindo anabonyeza. Kisha zoezi linarudiwa kwa sharti jipya: usibonyeze mpaka uwe na hakika kwamba umesikia. Safari hii anachelewa kidogo. Huo ucheleweshaji mdogo ndio Wundt aliouchukulia kuwa muda ambao fahamu inautumia kufanya kazi yake.

Kwa macho ya leo ni kama mchezo wa watoto, lakini hapo jambo linalotokea kichwani mwa mtu lilikuwa limewekwa kwenye namba. Wanafunzi wakamiminika. Mmarekani G. Stanley Hall alipita pale, akarudi kwao, na mwaka 1892 akawa rais wa kwanza wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani.

Mgogoro ulianza walipovuka saa wakataka mtu aeleze mwenyewe kinachopita ndani yake. Edward Titchener, mwanafunzi wa Wundt aliyehamia chuo cha Cornell, aliwafunza watu kujichungulia na kutoa taarifa ya hisia moja moja. Sasa maabara hii ikisema hivi na ile ikisema vile, nani ataamua? Hakuna anayeweza kuingia kichwani mwa mwenzake kukagua. William James naye, katika kitabu chake kikubwa cha 1890, hakuwa na hamu ya kujua akili imejengwa kwa vipande gani. Aliuliza inamfanyia mtu kazi gani katika maisha yake. Mimi hapo niko upande wa James.

#3 Mdau wa Mombasa

Ahsante ndugu yangu, ila usituanzishie hadithi Ujerumani kana kwamba kabla ya hapo watu hawakuwa na nafsi.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 na kufariki 934, mtu wa Balkh katika Afghanistan ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu siha ya mwili na siha ya nafsi. Ndani yake awalaumu matabibu wa zama zake kwamba wahangaika na mwili tu na nafsi waiacha. Ayapanga maradhi ya nafsi: ghadhabu, huzuni, hofu, na wasiwasi ule wa wazo moja kurudi na kurudi. Tena atenganisha huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupata hasara, na huzuni inayomjia mtu bila sababu yoyote kujulikana. Asema pia kwamba mtu akiwa mzima ajiwekee akiba ya fikra njema za kumsaidia siku ya shida, kama vile aweka dawa nyumbani kabla hajaugua. Haya ni ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

#4 Mleta uzi

Mdau wa Mombasa, nondo hiyo imekaa vizuri. 1879 ni mwaka wa maabara. Mwaka wa fikra hauna tarehe. Na hiyo tofauti ya huzuni mbili bado madaktari wanahangaika nayo mpaka leo.

Twende Vienna. Sigmund Freud alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, na wagonjwa waliokuwa wakimjia walikuwa na maumivu na kupooza ambako hakukuwa na chanzo mwilini. Ushahidi aliouamini ni maneno: mtu alale kwenye kochi, aseme chochote kinachomjia, ndoto, utani, hata ulimi unapoteleza. Akajenga juu yake nadharia kubwa ya mambo yaliyofichwa na mtu asiyejua kwamba kayaficha. Mwaka 1909 Hall alimwalika chuo cha Clark, Marekani, pamoja na Carl Jung, na tangu hapo jina lake likavuka bahari.

Tatizo la Freud linajulikana: nadharia yake ilikuwa na jibu kwa kila hali. Ukikubali, yuko sahihi. Ukikataa, anasema unajikinga, kwa hiyo bado yuko sahihi. Nadharia isiyoweza kushindwa ni vigumu kuipima. Ila alichoacha ni kazi yenyewe ya mtu kukaa na mtu mwingine kwa saa moja, kumsikiliza bila kumhukumu, na kulipwa kwa hilo. Washauri nasaha wote wa leo, hata wasiompenda, wanakula kwenye sahani hiyo.

#5 Mleta uzi

Mwaka 1913 John B. Watson wa Johns Hopkins akasema: achaneni na nafsi, achaneni na fahamu, hesabuni tabia tu, kwa sababu ndiyo inayoonekana na kila mtu. Mrusi Ivan Pavlov alikuwa ameshaonyesha njia kwa mbwa wake, na kumbukeni Nobel yake ya 1904 ilikuwa ya utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Udenda wa mbwa ulimfikisha kwenye saikolojia akiwa safarini kwenda kwingine.

Watson na Rosalie Rayner mwaka 1920 walichapisha jaribio ambalo leo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili. Mtoto mchanga, kwenye maandiko anaitwa Albert, hakuwa anamwogopa panya mweupe. Kila alipomgusa panya, nyuma yake chuma kiligongwa kwa nyundo. Baada ya mara kadhaa mtoto akawa anamlilia panya hata bila chuma, halafu hofu ikahamia kwa sungura na vitu vingine vya manyoya. Mtoto akaondoka zake na hakuna aliyeitoa hofu ile.

Watson mwenyewe alifukuzwa chuoni mwaka huohuo kwa sababu ya uhusiano wake na Rayner, akaajiriwa kwenye kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, na huko akafanikiwa sana. Vijana wa masoko mnaojiuliza saikolojia inaingilia wapi kwenu, imeingilia hapo.

Mtu ambaye vitabu vinampita haraka ni Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alichapisha habari ya mtoto aitwaye Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Jones alimpa Peter chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali akiwa kwenye tundu. Siku nyingine akasogezwa kidogo, kisha tena kidogo. Mwishowe Peter alikuwa anakula huku anamshika sungura kwa mkono mwingine. Miaka ya 1950 Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, akaendeleza njia ya jamaa hiyo kuwa tiba ya hofu kwa watu wazima. Ukienda leo kwa mwanasaikolojia tiba kwa sababu unaogopa kupanda lifti, kuna uwezekano mkubwa atakusogezea "sungura" wako taratibu namna hiyohiyo.

B. F. Skinner, Mmarekani mwingine wa saikolojia ya tabia, nitampita mbio, isipokuwa kwa hili: aligundua kwamba mnyama akipewa chakula baada ya idadi ya mibonyezo isiyotabirika, anabonyeza bila kuchoka kuliko yule anayelipwa kila mara. Mashine za kamari, dubwi, zilizojaa mitaani kwetu zinafanya kazi kwa kanuni hiyo. Anayeketi pale kumalizia hela ya kula hakosi akili. Amekalishwa mbele ya ratiba ambayo ilishapimwa kwa panya na njiwa.

#6 Mdau wa Kampala

Mkuu, yote hayo ni Wazungu na panya. Afrika tuliingia lini, na tuliingia kama watu au kama panya?

#7 Mleta uzi

Swali zuri, na jibu ni yote mawili. Hapa naomba nikae kidogo.

Tuanze na baya. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari aitwaye J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa hakuwa na mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Aliwaangalia Waafrika waliofikishwa pale, yaani watu walioletwa na polisi, na mahakama, na ndugu walioshindwa kabisa, na kutoka kwa hao akatoa hukumu juu ya bara zima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia ripoti kuhusu "akili ya Mwafrika". Alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia kwamba sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwetu ni nadra. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa andiko lake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo watu waliokuwa wakidai ardhi yao waligeuzwa watu waliochanganyikiwa na mabadiliko.

Sasa rudini kwenye lile swali letu: ushahidi wake ulikuwa nini? Wodi. Ni sawa na kukaa mlango wa mahakama ya mwanzo mwezi mzima, kisha ukaandika kwamba nchi nzima ni wadaiwa. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa amefanya kazi hospitali ya Blida nchini Algeria, alimjibu Carothers kwa jina lake katika kitabu cha 1961. Na mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti walioufanya kwa kuwafuata watu vijijini Uganda, si hospitalini. Wakakuta sonona ni nyingi kuliko ilivyokuwa kwa wanawake wa kusini mwa London waliolinganishwa nao. Ilikuwepo siku zote, ila haikuwa inaletwa Mathari na polisi.

Na upande wa pili, tena hapohapo kwenu Kampala. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alimfuata mumewe aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Kabla ya hapo, London, alikuwa amefanya kazi na John Bowlby, ambaye alikuwa akijenga hoja kwamba mtoto hamng'ang'anii mama kwa sababu ya maziwa tu. Kushikamana ni hitaji linalojitegemea. Ainsworth hakuwa na maabara Kampala. Alikuwa na mkalimani na vijiji vya jirani. Akapata familia 26 zenye watoto ambao bado wananyonya, akawa anawatembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kwa kila ziara, kwa muda uliofika hadi miezi tisa.

Ziara zilikuwa mchana, sebuleni, saa ambazo mama wa Kiganda hupokea wageni. Piga picha: mkekani mtoto anatambaa, anafika kwa mgeni, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Mama akinyanyuka kwenda uani, mwingine anamfuata kwa magoti, mwingine analia mpaka arudi, mwingine hashtuki. Ainsworth aliandika hayo yote. Alichokiona ni kwamba watoto waliokuwa na hakika na mama zao ndio waliothubutu kwenda mbali naye kuchunguza mambo, na wale wasio na hakika walilia hata wakiwa mikononi mwake. Na mama walioweza kumweleza mtoto kwa undani, anapenda hiki, akilia hivi maana yake ile, ndio waliokuwa na watoto wenye utulivu.

Baadaye, Baltimore, ndipo alipobuni lile jaribio la chumba kisichozoeleka ambalo liko kwenye kila kitabu cha saikolojia duniani: mama, mtoto, mgeni, mama anatoka, mama anarudi, dakika kama 20. Wanafunzi wanalikariri kama jambo la Marekani. Mbegu yake ni sebule za Buganda, na kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967.

Kwa hiyo, mdau wa Kampala, umbali wa safari ya treni moja, mmoja alikaa ofisini akawahukumu watu kwa wagonjwa walioletwa, na mwingine akavua viatu akaingia sebuleni. Mimi nikimfanyia kijana usaili, namwangalia kwa hilo: huyu ni wa ofisini au wa sebuleni?

#8 Mdau wa Dodoma, muuguzi

Naongezea kidogo kwa sababu watu wanachanganya vyeo. Hapa kwetu Mirembe ipo tangu 1927, na Isanga ndiko wanakopelekwa wenye kesi mahakamani. Kwa jumla, kwenye hospitali ya afya ya akili, mgonjwa mmoja anaguswa na watu wengi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka wa mazoezi, akaongeza ubingwa miaka mitatu. Huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Yeye anapima na kufanya tiba ya mazungumzo. Afisa ustawi wa jamii anahangaika na familia na anakorudi mgonjwa. Kuna mtaalamu wa tiba kazi, na kuna sisi wauguzi tunaokesha.

Ndugu wakija wanasema "tunataka kumwona mwanasaikolojia" wakimaanisha daktari wa sindano, na wengine wanamkimbia daktari wa dawa wakidhani maneno matupu yatatosha kwa mtu anayesikia sauti siku ya kumi hajalala. Anayesikia sauti aonwe na daktari kwanza. Ushauri nasaha utakuja akishatulia.

#9 Mdau wa Nairobi

Niongezee ya Kenya. Tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hivyo huwezi tu kufungua ofisi Westlands na cheti cha wiki mbili ukajiita mtaalamu. Sheria inataka usajiliwe. Mtu akienda kutibiwa aulize usajili, asione haya. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na USIU zote zinafundisha saikolojia. Kazi nyingi ziko kwa mashirika, shule za kibinafsi na kampuni zinazolipia wafanyakazi wao ushauri. Za serikali ni chache na foleni ni ndefu.

#10 Mdau asiyeamini

Mnaongea vizuri, lakini mwananchi wa kawaida hana hela ya kulipia saa moja ya mazungumzo. Shida zetu anazijua bibi. Hii fani ni ya Masaki tu.

#11 Mleta uzi

Umemtaja bibi kwa dhihaka, na bibi ndiye jibu. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza Mbare, Harare, na kina bibi 14. Wakafundishwa tiba fupi ya kutatua matatizo, wakawekewa benchi nje ya zahanati. Mgonjwa anakaa na bibi, wanaorodhesha shida zake, wanachagua moja, wanapanga hatua ya kuikabili. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar.

Kabla yake, 2003, kulichapishwa utafiti wa vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda: wenye sonona walikutana kwa makundi, wanaume kwao na wanawake kwao, wiki 16, wakiongozwa na watu wa palepale waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Nafuu ilikuwa kubwa. Na zamani zaidi, 1954, Thomas Adeoye Lambo kule Aro, Abeokuta, Nigeria, aliwaweka wagonjwa waishi kwenye nyumba za vijijini pamoja na ndugu zao, na akafanya kazi na waganga wa jadi bila kuacha dawa za hospitali.

Bibi hakufanya peke yake, lakini. Kuna mtu aliyetengeneza dodoso, akaandaa mafunzo, akawa anawasimamia, akapima kama inasaidia. Huyo ndiye mwanasaikolojia, na kazi za namna hiyo zitaongezeka kuliko za ofisi yenye kochi.

#12 Mleta uzi

Sasa ajira, kama nilivyoahidi.

Ukitaka tiba, shahada ya kwanza pekee haitoshi. Jipange kwa uzamili. Muhimbili kuna uzamili wa saikolojia tiba. Njia utakayokutana nayo zaidi ni ile ya Aaron Beck wa Philadelphia. Alikuwa mfuasi wa Freud, akachunguza ndoto za wenye sonona ili athibitishe kwamba wamegeuzia hasira ndani. Hakuikuta hasira. Alikuta kushindwa na kupoteza, mambo yaleyale wanayoyawaza mchana. Akaiacha nadharia, akaanza kuwafundisha wagonjwa kuyakagua mawazo yao kama mtu anayekagua madai: ushahidi uko wapi? Hiyo ndiyo tiba ya utambuzi na tabia. Nampenda Beck kwa sababu alipima cha kwake mwenyewe kikaanguka, na akakubali.

Ukitaka kampuni, njoo huku kwetu: usaili, mafunzo, tathmini ya utendaji. Makerere wana shahada nzima ya saikolojia ya viwanda na mashirika. Utakutana na piramidi ya mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Abraham Maslow kwenye kila semina. Makala yake ya mahitaji ni ya 1943, lakini ile piramidi hakuichora yeye, waliichora washauri wa biashara baadaye. Ukilisema hilo kwenye semina utapata maadui.

Kuna tawi ambalo watu wa kwetu hawalijui kabisa, la mtu na mashine. Vita ya pili ya dunia, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, halafu uwanjani wanakunja magurudumu na ndege inakaa kifudifudi. Wakaitwa wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliingia kwenye chumba cha rubani akakuta swichi ya magurudumu na ya vibawa vya nyuma ya mabawa (flaps) ziko jirani na zinafanana. Akaweka kirungu chenye umbo la gurudumu kwenye ya magurudumu, na kingine chenye umbo la bawa kwenye ya vibawa, rubani ajue kwa kupapasa. Ajali za aina hiyo zikakoma. Kijana mwenye jicho hilo, kampuni za simu na benki zinamhitaji, hata kama tangazo la kazi halitataja saikolojia.

Upande wa sheria yupo mwanasaikolojia Elizabeth Loftus. Mwaka 1974, yeye na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali za magari wakauliza mwendo. Walioulizwa kwa neno "yalipobamizana" walikadiria maili 40.8 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" 31.8. Filamu ileile. Na katika jaribio lililofuata, baada ya wiki moja, wa "kubamizana" wengi zaidi walisema waliona vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwepo. Mpelelezi yeyote anayehoji shahidi angepaswa kulijua hili.

Shule, mashirika yanayohudumia wakimbizi, miradi ya UKIMWI, magereza: kote huko wanachukua. Kwa Tanzania, cheo utakachopewa mara nyingi ni mshauri nasaha au afisa maendeleo, si mwanasaikolojia. Usikatae kwa sababu ya kibao cha mlangoni.

#13 Dogo wa HGL

Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nina hamu sana ya hii kozi kwa sababu rafiki zangu wote wananiletea matatizo yao. Ila hesabu na mimi ni maji na mafuta. Nitatoboa?

#14 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kuletewa matatizo ni dalili nzuri, maana watu wanakuamini. Ila hesabu utakutana nazo, na usidanganywe na mtu. Takwimu ipo, mbinu za utafiti zipo, na ndiko wengi wanakorudia mitihani. Hazihitaji uwe fundi wa kalkulasi. Zinahitaji uweze kuuliza kama tofauti unayoiona ni ya kweli au ni bahati.

Nakupa sababu ya kuziheshimu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 zilizochapishwa kwenye majarida ya saikolojia yenye heshima. Katika zile za mwanzo, asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizosimama. Na nyingi za tafiti tunazofundishwa zilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, kisha zikaandikwa kama habari za binadamu wote. Ule mtihani wa mtoto kusubiri peremende ili apewe ya pili, watafiti waliupeleka kwa watoto wa Wanso wa Kameruni, wakachapisha 2018: walisubiri kuliko watoto wa Kijerumani, kama asilimia 70 kwa 28. Bila takwimu, mambo kama haya utayasikia redioni kama wengine.

Ukienda kuulizia chuo, usiishie kwenye ada. Uliza mafunzo kwa vitendo yanafanyikia wapi na nani anakusimamia ukiwa huko. Uliza kama mwaka wa mwisho unafanya utafiti wako mwenyewe au unanakili wa mwenzako wa mwaka jana. Uliza waliomaliza wako wapi, na uombe namba ya mmoja wao umpigie. Wakikuzungusha kwenye hilo la tatu, hamia chuo kingine mapema kabla hujalipa.

#15 Dogo wa HGL

Nimeelewa kaka. Nitaanza na hilo la tatu. Ila lile la dubwi naomba ulifungulie uzi wake, kuna braza wangu mmoja namtafutia.